Majibu ya Kinyama

Kopo lilikuwa jeupe, la plastiki, lenye mfuniko wa kukaza. Ubavuni lilibandikwa karatasi yenye jina la mgonjwa, umri, namba ya jalada, tarehe ya upasuaji na maneno machache: tezi ya shingo, upande wa kulia. Ndani yake, katika fomalini, ilikuwamo nusu ya kulia ya tezi ya mama mmoja mkazi wa Iyunga, Mbeya, pamoja na kinundu alichoishi nacho miaka kadhaa kabla ya kukubali kupasuliwa. Mtaalamu wa maabara aliyelipokea kopo hakulifungua. Alisoma karatasi ya ubavuni, akasoma fomu ya daktari mpasuaji, kisha akairudia karatasi, jina kwa jina, namba kwa namba. Vilipokubaliana ndipo alipoandika namba ya maabara kwenye daftari, kwenye fomu na kwenye kopo, mara tatu, kwa mwandiko uleule. Katika fomu palikuwa na sentensi aliyoipigia mstari kwa penseli: mgonjwa alichomwa sindano ya kuvuta seli kwenye kinundu hicho wiki 5 kabla ya upasuaji.

Huku kwetu mtu akishatolewa kitu mwilini, familia husema inasubiri majibu ya kinyama. Husubiri wiki moja, mara nyingi mbili, na simu hazikatiki kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, kila ndugu anataka kujua. Wengi hudhani kinyama kimewekwa mahali fulani na kinangoja zamu yake. Nilipopewa ruhusa ya kukaa pembeni na kutazama, niliona kwamba siku zile zina kazi mfululizo, na kwamba karibu kila hatua inaweza kuharibu iliyotangulia.

Rovu, au goita, si mgeni katika Nyanda za Juu Kusini. Mvua za milimani zimekuwa zikiosha madini joto kwenye udongo tangu zamani, na bahari iko mbali. Tezi ya shingo inayahitaji madini hayo kutengeneza homoni zake. Ikiyakosa, hukua ikijitahidi, na baada ya miaka hujaa vinundu. Tangu katikati ya miaka ya 1980, Tanzania iligawa kapsuli za mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ikaja chumvi yenye madini joto kwa mujibu wa kanuni za serikali. Kiwango cha goita kilichokadiriwa kuwa asilimia 25 hivi katika miaka ya 1980 kilishuka, na vipimo vya watoto wa shule vya mwaka 2004 vilionyesha takribani asilimia 7. Lakini mama aliyezaliwa kabla ya chumvi hiyo bado anabeba shingoni historia ya udongo wa utotoni mwake.

Jambo hilo linagusa moja kwa moja kazi ya maabara. Saratani ya tezi inayotokea zaidi duniani ni ile iitwayo papilari, na hiyo hutambulika kwa sura ya viini vya seli zake. Kwenye maeneo yaliyokosa madini joto, aina ya pili, ya folikula, huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko kwingineko. Hii ndiyo yenye kuchosha. Seli zake zaweza kufanana kabisa na seli za uvimbe usio na madhara. Sindano ikivuta seli hizo kutoka kwenye kinundu, hata mtazamaji hodari hawezi kuapa ni ipi. Tofauti iko kwenye kifuko, yaani ule utando mgumu unaokizunguka kinundu: je, seli zimekitoboa na kutoka nje, au zimeingia kwenye mishipa ya damu iliyomo ndani yake? Ndiyo maana kinundu hutolewa kizima. Na ndiyo maana, katika Nyanda za Juu Kusini kuliko sehemu nyingi, uhodari wa maabara ya patholojia hupimwa kwa namna inavyokishughulikia kifuko.

Fomalini huanza kazi kabla ya binadamu. Mwaka 1893 Mjerumani Ferdinand Blum, alipokuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, aligundua kwamba ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekakamaa. Kukakamaa huko ndiko kunakotakiwa. Tishu iliyotoka mwilini huanza kujila yenyewe muda si mrefu, na fomalini huizuia kwa kuzifunga protini zake mahali zilipo. Lakini huingia polepole, na inahitaji kuwa nyingi, angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Tezi kubwa iliyobanwa kwenye kopo dogo huoza katikati huku nje ikionekana imara. Hapa mpasuaji alikuwa amechagua kopo la kutosha, na juu ya tezi aliacha uzi mmoja wa hariri, alama ya kuonyesha upande uliokuwa ukitazama kichwani. Aliyeutia uzi ule alijua kuna mtu mwingine ataishika tezi hii bila kuiona shingo.

Siku iliyofuata daktari bingwa wa patholojia alisimama kwenye meza ya kukatia, amevaa aproni na glavu, na mtaalamu akakaa kando na kalamu. Walisalimiana, kisha kwa muda mrefu hapakuwa na maneno ila vipimo.

“Andika, dada. Gramu 52.”

Tezi nzima ya mtu mzima, pande zote mbili, kwa kawaida huwa na gramu 15 hadi 25. Nusu hii peke yake ilizidi mara mbili. Daktari aliipima kwa rula urefu, upana na unene, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba. Alichukua brashi na wino mweusi, akapaka uso wote wa nje mpaka pasibaki doa, akaukausha taratibu kwa karatasi. Wino huo hubaki hadi mwisho wa safari: chini ya hadubini, mstari mweusi ndio utakaosema hapa ndipo kisu cha mpasuaji kilipopita. Kama seli za saratani zingeonekana zimeugusa, ingemaanisha huenda nyingine zimebaki shingoni.

Kisha akakata. Kisu kilikuwa kirefu, na alikivuta kwa mkupuo mmoja kila safari bila kurudi nyuma, slesi baada ya slesi, kila moja na unene wa milimita 3 hivi, akizipanga mezani kwa mfuatano kutoka juu kwenda chini. Tezi ya kando ilikuwa na rangi ya kahawia nyekundu, iking’aa kama asali kwa sababu ya koloidi, ile akiba ya homoni inayohifadhiwa ndani yake. Kinundu kilijitenga waziwazi: rangi ya udongo mpauko, laini, sentimita 3.4, kimezungukwa na utando mweupe. Alitafuta sehemu ngumu, nyeupe, zenye kukwaruza kisu, ambazo zingeweza kuashiria papilari. Hazikuwapo. Sehemu moja tu pembeni utando ulionekana mnene kidogo, na pana doa la kahawia.

Hapo ndipo niliona uamuzi ambao mgonjwa hatauona kamwe. Daktari angeweza kuchukua vipande vitatu vya mfano na kuendelea na kopo linalofuata, na makopo yalikuwa mengi. Alichukua kifuko chote. Kipande baada ya kipande, kila kimoja kikiwa na kinundu upande mmoja, utando katikati na tezi ya kawaida upande wa pili, akakiweka kwenye kaseti yake, kisanduku cha plastiki chenye matundu kisichozidi ukubwa wa kibiriti. Kaseti 14 zilijaa. Kila moja iliandikwa namba ya maabara kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida ungeyeyuka kwenye alkoholi.

Usiku ni wa mashine, ingawa si wa mashine peke yake. Ili tishu ikatwe nyembamba lazima ijazwe nta, na nta haichangamani na maji. Kwa hiyo maji huondolewa kwa alkoholi, kuanzia asilimia 70 ikipanda hadi alkoholi tupu, kwa sababu kuitupa tishu ghafla kwenye alkoholi kali huifanya inywee na kupinda. Alkoholi nayo huondolewa kwa zailini, na zailini hatimaye huipisha nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa nyuzi 60 hivi. Saa zinakwenda. Umeme ukikatika katikati ya safari, tishu inaweza kukwama kwenye kimiminika kisicho chake, na haina pacha ya kurudia. Mtaalamu aliondoka jioni akiwa ameshaangalia jenereta.

Asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya Mbeya ya kati ya mwaka, ukungu umeufunika mlima Loleza. Mtaalamu alifungua kaseti moja baada ya nyingine kwenye meza yenye joto, akamimina nta kidogo kwenye kitako cha chuma, akakichukua kipande kwa kibano na kukisimamisha. Neno kusimamisha nalitumia kwa makusudi. Kipande cha kifuko kikilazwa chali, kisu kitapita juu ya utando na kuonyesha uwanja wa nyuzi usiosema lolote. Kikisimama wima kwa ubavu, kila mkato utaonyesha ndani, ukuta na nje kwa wakati mmoja. Nta inaganda kwa sekunde chache, kwa hiyo ana sekunde chache za kuamua upande upi ni upi, akisaidiwa na ule mstari mweusi wa wino. Alifanya hivyo mara 14. Kimoja kiliegemea, akaiyeyusha nta yake, akaanza upya bila kusema kitu.

Mikrotomu ni mashine ya chuma yenye gurudumu ubavuni na wembe uliokazwa mbele. Kila gurudumu likizungushwa, bloku ya nta hushuka mbele ya wembe, hukatwa, kisha husogezwa mbele kwa kipimo kilichotegwa. Mtaalamu alianza na mikato minene ya kuuchonga uso wa bloku mpaka tishu yote ikafunuka, akaiweka bloku kifudifudi kwenye barafu ipoe, akaurudisha mkono kwenye gurudumu. Sasa kipimo kilikuwa maikroni 4. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi.

Aliniambia baridi ya asubuhi inapendana na nta; ikipata joto hulegea na mkato hukunjamana. Gurudumu lilizunguka kwa mwendo mmoja, wala halikukimbia, na mbele ya wembe ukaanza kutoka utepe, mkato ukiushika mkono mkato uliotangulia. Kwa mkono wa kushoto aliupokea kwa brashi laini. Alipumua kwa pua, akigeuza uso pembeni, maana pumzi ya mdomo ingeupeperusha. Aliunyanyua utepe kwa brashi na kibano, akaulaza juu ya maji ya nyuzi 45 hivi kwenye beseni jeusi, akianza na ncha ya mbali ili hewa isinaswe chini yake. Mikunjo ikafunguka yenyewe. Akachagua mkato mmoja katika utepe, akautenga kwa ncha ya kibano, akazamisha kioo cha slaidi kwa mshazari chini yake na kukiinua. Mkato ukapanda kioo ukiwa umenyooka.

Kisha akafanya kitu nilichokiona kidogo mpaka nilipoelewa: alipitisha karatasi laini juu ya maji ya beseni na kuyafuta, kabla ya kila bloku mpya. Kipande kidogo cha mgonjwa wa jana kikibaki kinaelea, kinaweza kupanda kwenye slaidi ya mgonjwa wa leo, na daktari akaona saratani kwa mtu asiyekuwa nayo. Vivyo hivyo kwa mkunjo. Kwenye kifuko, mkunjo mdogo wa nta huweza kulaza seli za kinundu juu ya utando na kufanana na mtobozo. Mkato wenye mkunjo aliutupa. Wenye mstari wa pengo kwenye wembe aliutupa, akausogeza wembe upande ambao haujatumika. Sikumwona akijaribu kuuokoa mkato mbaya.

Rangi ni mbili, na zimetumika pamoja tangu mwaka 1876. Ya kwanza ni hematoksilini, inayotoka kwenye kiini cha gogo la mti wa Campeche nchini Mexico. Ya pili ni eosini, ya kutengenezwa kiwandani. Slaidi huvuliwa nta kwa zailini, hushushwa kwenye alkoholi hadi maji, hukaa dakika kadhaa ndani ya hematoksilini na kutoka na rangi ya zambarau yenye wekundu. Kisha huwekwa chini ya maji ya bomba yanayotiririka, na hapo viini vya seli hugeuka bluu polepole. Mtaalamu hakutazama saa wakati huo. Alitazama slaidi yenyewe, akiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha, akainyanyua tena. Eosini ikafuata na kupaka waridi kila kisicho kiini. Kioo chembamba kikafunikwa juu, pasipo kiputo.

Daktari alianza kwa lenzi ndogo zaidi. Wanafunzi hupenda kukimbilia lenzi kubwa, na nadhani mgeni yeyote angefanya hivyo, lakini kifuko husomwa kutoka mbali kwanza. Aliingia kwenye utando upande mmoja wa slaidi ya kwanza na kuufuata taratibu hadi mwisho, akatoa slaidi, akaweka ya pili. Ndani ya kinundu kulijaa folikula ndogondogo zilizobanana, koloidi kidogo, viini vya mviringo, vyeusi, sawasawa. Alipanda lenzi kutafuta dalili za papilari: viini vikubwa vyenye weupe katikati, vilivyolaliana, vyenye mifereji. Hakuviona. Akarudi chini, kwenye utando. Slaidi ya nane ikapita.

Kwenye ya tisa mkono wake ulisimama. Utando ulikuwa umekatika, na kundi la seli lilikuwa limekaa ndani ya pengo.

Aliniachia nitazame. Kwa jicho langu lisilofunzwa lilikuwa shimo ukutani na seli zikitoka. Daktari hakuandika kitu. Aliichukua fomu, akatazama mstari wa penseli kuhusu sindano, akaita: “Dada, bloku ya 9, nikatie ndani zaidi, levo tatu.”

Mtaalamu alirudisha bloku kwenye barafu. Kila levo ni kuingia ndani zaidi ya nta, kutupa mikato ya kati, kuokota mmoja, kupaka rangi upya. Kazi hiyo ilikula sehemu iliyobaki ya siku. Kwenye levo hizo mpya pengo lilionekana lote: njia nyembamba iliyonyooka, kuta zake zimejaa kovu jipya, na ndani yake seli za usafi zilizomeza chembe za kahawia za damu iliyozeeka. Lilikuwa kovu la sindano. Seli za kinundu zilizokuwa pale zilisukumwa na kunaswa na kovu, na upande wa pili hazikufika. Daktari alizipitia slaidi 14 zote kwa mara ya pili pamoja na levo mpya, akitafuta sasa mishipa ya damu peke yake. Ndipo akaandika: adenoma ya folikula, kifuko kimekaguliwa chote, hakuna mtobozo, hakuna uvamizi wa mishipa.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa anastahili kufafanuliwa kila mstari. Ukubwa wa kinundu huja mapema. Ikiwa ni saratani, ukubwa huo huingia kwenye herufi T: hadi sentimita 2 ni T1, zaidi ya hapo hadi 4 ni T2, na zaidi ya 4 ikiwa bado ndani ya tezi ni T3. Mstari wa kingo unazungumzia ule wino mweusi. Mstari wa mitoki unataja tezi za limfu ngapi zilikaguliwa na ngapi zina saratani. Mishipa ya damu ikivamiwa, idadi ina uzito: chini ya minne ni habari tofauti na minne au zaidi. Umri nao umo, na ni habari ambayo wengi hawaambiwi: kwa saratani za papilari na folikula, mgonjwa wa chini ya miaka 55 hahesabiwi kuvuka hatua ya pili, hata ikiwa imesambaa. Yupo pia anayekuta jina refu la uvimbe ambao hadi mwaka 2016 uliitwa saratani ya papilari, na sasa hauitwi saratani tena. Jina hilo haliruhusiwi kuandikwa mpaka kifuko chote kimekaguliwa, kwa hiyo mgonjwa huyo anadaiwa uvumilivu uleule wa kisu na nta. Wanaohitaji madini joto yenye mionzi baada ya tezi yote kutolewa hupelekwa hospitali chache zenye huduma hiyo, mojawapo Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mama wa Iyunga hakuhitaji safari hiyo. Kliniki, mpasuaji alimwamkia, “Shikamoo mama,” naye akaitikia, “Marahaba, baba, niambie tu.” Akamwambia kwamba si saratani, kwamba upande wa kushoto hautaguswa, na kwamba arudi baada ya wiki 6 hadi 8 kupimwa damu ya homoni, kwa kuwa takribani mtu mmoja kati ya watano waliotolewa nusu ya tezi huja kuhitaji vidonge vya homoni. Aliuliza kama shimo la sindano lingeweza kumletea saratani baadaye. Akajibiwa kwamba ni kovu, na limetolewa pamoja na kinundu.

Bloku zake 14 ziko kwenye droo, zimepangwa kwa namba, na slaidi zake kwenye sanduku la mbao. Nta hutunza tishu kwa miaka mingi. Siku daktari mwingine, wa Mbeya au wa mbali, akitaka maoni ya pili, bloku ya 9 inaweza kupozwa na kukatwa tena. Kinachohitajika ni namba ya maabara, ile iliyoandikwa mara tatu siku kopo lilipopokewa. Iko juu kulia mwa ripoti, na mwanawe ameshainakili kwenye jalada la daftari la kliniki.